Wiki Niliyopangiwa Lyle

Jumatatu, 31 Julai

Wiki ya kumi na nane, na ratiba imenipangia nani? Lyle. Kaka yangu mwenyewe.

Timu nane kwenye ligi yetu ya besiboli ya fantasi, ile ya kuchagua wachezaji halisi kwenye simu na kupata pointi kwa wanavyocheza, nne ndizo zinazoingia mtoano. Mimi na Pao Xiong tunagombea hiyo nafasi ya nne, tumeshinda wiki sawa. Nikimpiga Lyle wiki hii ya mwisho nimeingia, maana tukilingana na Pao, jumla yangu ya pointi ni kubwa.

Kazini tunapiga nta sakafu za shule kabla watoto hawajarudi. Pao akazima mashine yake, akaja kuniegemea begani. Ati nimepewa zawadi! Timu ya Lyle haijaguswa tangu katikati ya mwezi. Nikafungua simu pale pale. Kweli. Dorsett kavunjika kidole, bado yumo kikosini. Quiroga kashushwa daraja la chini, yumo. Sandoz anauguza bega, yumo. Watu watatu hawachezi kabisa na yeye kawaacha tu, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Lyle! Kwa miaka ishirini na miwili alipanga timu kabla ya kahawa, hata akiwa na lori huko Nebraska kwenye theluji.

Nilipaswa kufurahi. Nimeshinda siku nzima nimenuna.

Na matokeo ya leo: mimi 31, yeye 38. Ana majeruhi watatu na bado ananiongoza. Upuuzi mtupu!

Jumanne, 1 Agosti

Ridder kaniua. Mrushaji wangu wa kwanza, niliyemchagua Machi mbele ya watu wote nikijigamba. Mipira mitatu imepigwa hadi majukwaani kabla sijamaliza soseji. MITATU. Wamemtoa raundi ya pili. Pointi hasi kumi na moja.

Nilipiga meza. Marlys, mke wangu, hakuinua hata kichwa. Kasema yule kijana hajui kuwa kuna mzee huku Sheboygan anamlaani na haradali kidevuni.

"Ni mchezaji wangu," nikamwambia.

"Si wako, Duane. Mnachagua majina kwenye simu. Wao wanacheza huko kwao, nyinyi mnajigawia pointi hapa. Ndiyo hivyo tu."

"Ndiyo fantasi yenyewe hiyo!"

"Haya. Na Lyle? Naye unampata kwenye simu tu?"

Nikatoka kwenda kumwagilia nyanya. Zilikuwa zimeshamwagiliwa.

Miaka mitatu hatujazungumza, mimi na Lyle. Ila kwenye ligi, huko tunazungumza. Yeye anatuma ombi la kubadilishana wachezaji: nipe Ridder, chukua Quiroga. Nakataa. Siku mbili baadaye: nipe Ridder, chukua Quiroga na Sandoz. Nakataa. Hakuna salamu, hakuna neno. Lakini kila nikikataa najua mtu huyo ameamka, yupo, anataka kuniibia Ridder.

Ombi la mwisho lilikuja tarehe kumi na moja Julai. Leo ningempa huyo Ridder bure.

Jumatano, 2 Agosti

Mvua Chicago. Mechi imeahirishwa. Wachezaji wangu wawili wamekaa wakitafuna mbegu za alizeti.

Niko nyuma kwa pointi kumi na tisa.

Sina hamu ya kuandika.

Alhamisi, 3 Agosti

Pao kanijia na sheria. Kifungu cha saba: mwenye timu akikaa siku kumi bila kuigusa, msimamizi wa ligi anamwonya, asipojibu timu inaondolewa. Msimamizi ni mimi. Kifungu niliandika mimi! Mwaka ule Gordy alipooa akatusahau.

"Hii si haki, mzee," Pao alisema. "Kila anayekutana na Lyle anapata ushindi wa bure."

"Bure wapi? Mimi ananipiga!"

Akacheka hadi akashika ukuta. "Basi wewe ndiye wa kuondolewa. Unapigwa na nyumba isiyo na mtu."

Nikamwandikia Lyle kwenye ukurasa wa ligi: Panga timu yako. Maneno matatu. Nilikaa nayo saa nzima ya chakula cha mchana, nikiongeza "tafadhali," nikiifuta, nikiongeza "upo?" nikiifuta. Mwisho yakabaki matatu.

Jioni, kimya. Marlys kasema piga simu. Nikamwambia yeye ndiye aliyeacha kuongea, si mimi. Kasema, "Duane, ulimzimia mama yake mashine."

Mama yake! Kwani hakuwa mama yangu?

Lakini ni kweli. Lyle alikuwa Omaha, anaendesha kuja. Alisema nisubirini. Sikusubiri. Daktari alizima mashine ya kumpumulisha mama saa kumi jioni, Lyle akaingia saa moja usiku bado ana funguo za lori mkononi. Hakunipigia kelele. Ingekuwa heri angenipigia.

Sitaki kuendelea na hili. Pointi: nyuma kwa kumi na mbili. Mpigaji wangu Tembeaux kapiga mipira miwili hadi majukwaani. Angalau mmoja ana aibu.

Ijumaa, 4 Agosti

Samaki wa Ijumaa pale baa, meza yetu ile ile tunayochagulia wachezaji kila Machi. Pao alikuja na mkewe. Nilidhani ataendelea na kifungu chake cha saba. Badala yake alikuwa anachezea viazi bila kula.

Shangazi yake anauza mboga soko la Jumamosi kule Manitowoc, na Lyle ni mteja wake wa miaka. Wiki iliyopita kaja kwa miguu. Kaangusha kreti ya matango. Kaomba nyanya, kashika pilipili, kaenda nazo. Shangazi kamwita, hakugeuka.

"Anasema alikuwa amelewa, mzee. Samahani. Asubuhi saa tatu."

"Lyle hanywi."

"Nakwambia alichoniambia."

"Pao. Lyle ameacha pombe miaka thelathini na moja. Aliacha siku baba alipozikwa. Hata keki yenye ramu hali."

Mke wa Pao akaniwekea kipande cha limau kwenye sahani, sijui kwa nini.

Na kwa nini kaja kwa miguu? Lyle hatembei. Lyle anaendesha gari kwenda kuchukua barua mwisho wa njia yake mwenyewe.

Nyuma kwa pointi tano. Sikuangalia mechi.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimejikasirikia kuliko nilivyomkasirikia Ridder.

Nilikwenda. Maili thelathini. Nikaegesha upande wa pili wa barabara. Gari lake lipo, vumbi limelala juu ya kioo, unaweza kuandika jina. Nyasi zimefika magotini. Lyle, ambaye alikuwa anakata nyasi kwa kufuata kamba iliyonyooshwa!

Nikakaa. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, redio inasikika, mechi ya Milwaukee. Nikasikia Tembeaux wangu anapiga mpira hadi majukwaani na wenzake wawili wakikimbia mbele yake. Pointi kumi kwa mpigo. Mahali pa kushangilia sikuwa napo. Nikasubiri raundi iishe. Kisha nyingine.

Kisha nikawasha gari nikarudi nyumbani.

"Umeendesha maili sitini kwenda kutazama gari?" Marlys.

"Nyasi pia."

Hakucheka. Mimi ndiye niliyetegemea angecheka.

Niko mbele kwa pointi kumi na nne. Kesho siku ya mwisho. Mtoano ni wangu nikikaa tu bila kufanya kitu. Kukaa bila kufanya kitu ndiko nikuwezako zaidi.

Jumapili, 6 Agosti

Naandika hapa hapa mezani kwa Lyle. Daftari lilikuwa kwenye gari. Niandike sasa, nikifika nyumbani nitaipamba.

Nilifika saa sita mchana. Nikagonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Dunia imejaa mimi."

"Duane."

Nyayo zinaburuta sakafuni. Kisha kitasa. Kasimama mlangoni na shati limefungwa vifungo vya kupishana, na ananitazama sikio. Nikadhani dharau. Nikasogea, na yeye kasogeza macho kwenye sikio lingine.

"Ingia basi, unaniingizia mbu."

Jikoni kila kitu kimepangwa mstari kwenye kaunta, kama vifaa vya fundi. Kopo la kahawa lina mpira wa kufungia, la chumvi lina mipira miwili. Ndipo nilipoelewa. Mimi mjinga, wiki nzima!

"Tangu lini?"

"Jicho la kushoto mwaka juzi. La kulia mwezi uliopita. Damu inavuja nyuma ya jicho." Alisema kama anayetaja tairi. "Pembeni naona. Katikati hakuna kitu. Wewe nakuona masikio. Hujakosa kitu kikubwa hapo katikati, nadhani."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani?"

Akavuta kiti kwa mguu, akakaa.

"Bila shaka wiki hii nakupiga," akasema.

"Ulikuwa unanipiga. Sasa nakuongoza kwa kumi na nne. Dorsett hachezi, kavunjika kidole."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuandikia!"

"Kuandika! Ningesoma na nini, pua?" Akapiga meza. Tunapiga meza sawasawa, kiganja wazi, kama baba. "Ile simu nimeiambia kwa mdomo mara mia, weka Halvorsen, weka Halvorsen. Ikaniletea njia ya kwenda mji unaoitwa Halvorsen. Toa yako. Mtoe Dorsett. Mtoe Quiroga. Ni saa ngapi?"

"Saba kasoro robo."

"Barrantes anarusha leo Milwaukee, saa saba na dakika kumi. Yuko benchi. Mweke."

Kama msimamizi naweza kufungua timu yoyote. Nikafungua yake. Barrantes akirusha vizuri anatoa ishirini na tano, thelathini. Nina akiba ya kumi na nne. Na Pao tangu jana kamwacha mpinzani wake mbali sana. Nikipoteza leo, mtoano nautazama nikiwa hapo nje. Kidole kikasimama juu ya kioo. Ningeweza kubonyeza chochote. Ningeweza kusema mechi imeshaanza.

"Umeshaweka?"

"Bado."

"Unafikiria."

"Nafikiria."

"Fikiria haraka, mdogo wangu, wanaimba wimbo wa taifa."

Nikaweka.

"Nisomee."

Nikamsomea jina moja moja. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila jina, midomo inatembea. Nilipofika Barrantes akasema, "Naam," akaongeza sauti ya redio.

Barrantes! Siku hizi nani anamwacha mrushaji hadi raundi ya saba kati ya tisa? Leo wamemwacha. Raundi ya kwanza, wapigaji watatu, wote kawatoa, chini. Ya pili, chini. Ya tatu. Mwaka mzima huyu mtu alikuwa anarusha kama anamwaga maji machafu, na leo, mbele yangu! Nilikuwa nahesabu kwa sauti kwa sababu Lyle kaniomba, na kila nikihesabu najichimbia shimo.

Kabla ya raundi ya tano, tangazo la biashara, Lyle akasema bila kugeuka:

"Nilikuwa Omaha. Nilikwambia mnisubiri kwa muda wa saa tisa tu."

"Najua."

"Ulisema daktari kasema anateseka."

Hapa nilikuwa na jibu langu, lile nililowaambia wote, Marlys, mchungaji, kila mtu. Lilikuwa mdomoni tayari.

"Hakusema hivyo," nikasema. "Alisema tunaweza kusubiri tukitaka. Mimi ndiye niliyeshindwa. Sikuweza kukaa mle ndani kwa saa zote tisa, Lyle. Sikuweza hata moja."

Redio ikarudi. Mtangazaji anasema habari za upepo. Lyle alikaa na mikono juu ya meza, na uso wake umeelekea friji. Nilisubiri kiganja. Nilisubiri aniambie nitoke. Raundi nzima ya tano ikapita hivyo. Kisha akainuka, akapapasa kabati, akarudi na glasi moja ya maji. Akainywa mwenyewe.

Sijui maana yake nini. Sijui kama ina maana.

Raundi ya sita, watatu tena, chini. Ya saba, akauliza pointi. Nikamwambia: bado mimi mbele kwa saba, wapigaji wangu nao wanaokota kidogo. Ya nane: kwa nne. Pao katuma ujumbe: "Nani kaamsha maiti???" Sikujibu. Nilipomsomea Lyle, bega lake lilitikisika kidogo. Huenda kicheko.

Sasa ni raundi ya tisa. Wawili wameshatolewa. Niko mbele kwa pointi moja. Barrantes akimtoa na huyu anayekuja, amemaliza mechi peke yake, anapata nyongeza, na mimi kwaheri. Akipigwa mpira wa majukwaani, nimeingia. Uwanja mzima umesimama, hata redio hii kuukuu inatetemeka juu ya meza.

Lyle kainamia spika hadi sikio linaigusa. Kanyoosha mkono nyuma, ninyamaze, na mimi sijasema kitu. Anasikia kalamu.

"Unaandika nini?"

"Pointi."

"Mm."

Mpira wa kwanza, nje. Wa pili, ndani.

"Andika na hili basi," kasema, hajageuka. "Jumanne nina sindano ya jicho Milwaukee. Saa nne. Lazima niwe nimetoka hapa saa mbili kasorobo."

Nimeandika.

"Andika tu. Sijakuomba kitu."

Mpira wa tatu, wamesema nje, Lyle anamtukana mwamuzi. Barrantes anavua kofia, anajifuta uso, anaivaa tena. Anarudi kwenye kilima cha kurushia.