Mwaliko Hautumwi kwa Posta

Thorncliffe Park, Toronto
6 Mei 2024

Mdogo wangu Olavo,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumai umefika salama na kifua hakikubani kwa baridi ya huko Ujerumani. Sisi wazima. Magoti yangu yanalalamika lakini siku hizi siyasikilizi.

Umefika Lübeck tangu Alhamisi na sijapata neno. Nakuandikia barua pepe kwa Kiswahili makusudi, maana Leanne anakisikia lakini kukisoma hawezi, na simu sitaki kwa sababu nyumba hii ina masikio. Usije ukasahau kilichokupeleka. Mwanangu anaolewa Jumamosi tarehe kumi na tano Juni. Siku moja kabla tutampaka tui la nazi kama walivyopakwa mama yetu na bibi yetu, na kwetu anayemwagia tui la kwanza ni mjomba mkubwa wa bibi harusi. Mjomba huyo ni Elton, upende usipende, nipende nisipende. Nimeishi bila kumwona kaka yako miaka chungu nzima na sikupungukiwa kitu. Ila sitaki watu wa parokia waniulize yuko wapi.

Leanne ananiambia, "Mama, si umpigie tu?" Amezaliwa hapa, nitamlaumu nini. Wewe umezaliwa Tanga na unajua kwamba sisi Wagoa mwaliko wa harusi hatupigi simu wala hatutii stempu. Mtu anakwenda, anabisha hodi, anakaa, anakunywa chai, ndipo anasema. Basi nenda, bisha, kunywa, sema, urudi.

Dada yako,
Vera

*

Lübeck
8 Mei 2024

Dada Vera mpendwa,

Milele amina. Kifua hakijambo, na nakuombea magoti yako kwa bidii kuliko unavyoyaombea wewe. Hapa kuna jua, ingawa ni la kutazama tu, kuota huwezi.

Dada, huu mji ungeupenda. Pale ofisi ya wageni wanatoa kipeperushi cha matembezi ambayo mtu anajiongoza mwenyewe. Kuna ramani, na kila jengo lina namba yake, wewe unafuata tu. Nimeanzia kwenye lango kuu la zamani, lina minara miwili minene ya matofali. Ardhi ya chini ilikuwa tope, kwa hiyo lango limezama na kuinama, na wameliacha hivyohivyo. Jirani yake kuna maghala ya chumvi kando ya mto. Halafu kanisa la Mtakatifu Maria, ambako kengele zilianguka wakati wa vita kanisa lilipoungua, na mpaka leo zimelala sakafuni, zimevunjika, hakuna aliyezigusa. Nje ya kanisa ameketi shetani mdogo wa shaba na watoto wanamshika pembe.

Kwa Elton bado. Nyumba yake iko upande wa mwisho wa ramani, nikaona nifuate utaratibu.

Mdogo wako,
Olavo

*

Thorncliffe Park
9 Mei 2024

Olavo,

Salamu, na afya yako naona ni njema kupita kiasi, maana mgonjwa hana nguvu za kuzurura.

Nimesoma barua yako mara mbili kwa kudhani nimeruka aya yenye maana. Lango limeinama? Jengo langu pia limeinama, na lifti moja haijafanya kazi tangu Pasaka, mbona hakuna anayekuja na ramani kulipiga picha. Kengele zimeanguka na hazijaokotwa? Huku mtu asipofagia tunamwita mvivu. Huko naona wanaandika namba wanaita kumbukumbu. Na shetani mlangoni mwa kanisa, wa kushikwa pembe na watoto. Hao Walutheri sina la kuwaambia.

Eti utaratibu. Tangu lini wewe ukawa na utaratibu? Mkeo Savia alikuwa akikutafutia soksi mpaka siku aliyofariki, Mungu amrehemu. Unaogopa, sema unaogopa. Umefika na nywele nyeupe kichwani bado unamwogopa Elton kwa sababu alikuwa akikunyang'anya baiskeli.

Sikukutuma kutazama matofali. Mlango mmoja tu, Olavo.

Dada yako,
Vera

*

Lübeck
13 Mei 2024

Dada Vera,

Salamu nyingi. Natumai maandalizi yanakwenda vizuri na Leanne anakula, maana maharusi hawali. Mimi mzima.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Juzi tulikwenda kuona hospitali ya kale ya Roho Mtakatifu, ambako wazee maskini wa mji walikuwa wakitunzwa. Ndani ya ukumbi kuna vijumba vya mbao vimepangwa kama makabati, kila mzee na chake, kitanda na kigoda, basi. Ukienda mapema asubuhi, kabla ya vikundi vya wageni, mlinzi mwenye masharubu anakuacha ukae ndani kidogo. Mchana tulipumzika kwenye benchi nyuma ya kanisa, lile ambalo upepo wa mto haulifikii, tukala mkate wa samaki kutoka kibanda cha yule mama ambaye haandiki bei.

Halafu kuna vichochoro. Huwezi kuamini, Dada. Kati ya nyumba na nyumba kuna tundu dogo ukutani, unainama, unapita gizani, na ghafla uko kwenye ua wenye vijumba na mawaridi, watu wanaishi humo. Inasemekana zamani sheria ilitaka kichochoro kiwe na upana wa kupitisha jeneza, zaidi ya hapo shauri lako.

Kuhusu lile jambo, nalifanyia kazi.

Mdogo wako,
Olavo

*

Thorncliffe Park
14 Mei 2024

Olavo,

Kuulizana hali tutaulizana siku nyingine.

Wewe ulipotea kwenye duka kubwa la hapa chini kwangu, duka lenye milango miwili, ikabidi Darryl mwanao aje toka Brampton kukutafuta. Leo unaniambia benchi ambalo upepo haulifikii, mlinzi wa kupendeza na mama asiyeandika bei. Hayo hayako kwenye kipeperushi. Na sasa ni "tulikwenda", "tulipumzika", "tukala". Uliondoka Toronto peke yako.

Usinifanye mtoto. Ni nani huyo unayetembea naye?

Vera

*

Lübeck
16 Mei 2024

Dada Vera,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Ni Elton. Anaishi katika ua mmoja wa vile vichochoro vya mawaridi, na nilibisha hodi siku ileile niliyofika, hata begi sijafungua. Alinifungulia, akanikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka. Mkewe Birgit akapika chai ya maziwa yenye tangawizi, Elton alimfundisha zamani. Nikakaa, nikanywa, nikasema kama ulivyoniagiza, neno kwa neno.

Akacheka, lakini si cheko la furaha. Akasema hivi: "Mwaka niliomwoa Birgit sikuwa na nauli ya Toronto, nikamtumia Vera kadi. Akairudisha haijafunguliwa, juu ya bahasha ameandika kwa mkono wake: mwaliko hautumwi kwa posta. Hakuna aliyekuja kwenye harusi yangu, Olavo, hata wewe. Upande wangu kanisani walikaa watu wa kiwandani. Basi nimejifunza adabu za nyumbani. Mwenye harusi ni nani? Ni Vera. Wewe ni posta yenye miguu. Aje mwenyewe, nami nitavaa viatu siku hiyohiyo."

Nimembembeleza kila siku. Kila nikianza, anachukua kofia, ananiambia twende nikuonyeshe kitu. Ndiyo maana nimeuona mji wote. Nilishindwa kukuandikia hivyo, nikakuandikia majengo.

Njoo, Dada. Ndege ni usiku mmoja tu. Anakutaka. Anauliza kama bado unaimba sauti ya pili kanisani.

Mdogo wako,
Olavo

*

Thorncliffe Park
17 Mei 2024

Olavo,

Nimekaa, nimesoma, nimesimama tena.

Kwa hiyo nimtoke mwanangu wiki nne kabla ya harusi, mjane mzima na magoti haya, nipande ndege nikabishe hodi kwenye kichochoro cha kupitishia majeneza, ili bwana mkubwa avae viatu. Mwambie akae na mawaridi yake. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii tangu Baba alipozikwa, na mkubwa akimtuma mdogo wake, aliyekuja ni mkubwa. Kama amesahau hilo, basi kuishi na matofali kumemfanya tofali.

Posta yenye miguu. Amekutukana wewe, na wewe unakula naye mkate wa samaki.

Rudi. Tui utamwaga wewe, na ujifunze kabla, usimwagie mtoto machoni. Leanne nitamwambia mjomba wake anaumwa.

Vera

*

Brampton
8 Julai 2024

Dada Vera,

Salamu. Natumai hujambo. Natumai tu, maana tangu harusi simu yangu hupokei, na kanisani umehamia misa ya asubuhi ili tusionane.

Sikumwagia mtoto machoni. Lakini nililia, na wewe ukaniona, na nadhani kosa langu ndilo hilo. Leanne alikuwa ameketi pale kitini na kanga yake mabegani, anatetemeka kwa ubaridi wa tui, akaniuliza polepole, "Uncle, ni mgonjwa kweli?" Nikamwambia ndiyo, ni mgonjwa kweli. Nimemdanganya binti siku ya kupakwa tui kwa ajili ya shingo zenu mbili ngumu. Sitafanya tena.

Umenidharau maisha yako yote, nami nimezoea, wala sikuchukii. Ninyi wawili mmefanana mpaka kero. Ila Elton ana sabini na moja, na Birgit ananiandikia kwamba siku hizi anapanda ngazi kwa kupumzika katikati. Mimi posta nimeacha kazi. Mkitaka kuambiana kitu, ambianeni.

Mdogo wako,
Olavo

*

Lübeck
24 Septemba 2024

Mdogo wangu Olavo,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumai u mzima. Ukiona mahali barua hii inapotoka, usimpigie Darryl, usimpigie Leanne, usimpigie mtu.

Nimekuja. Hoteli ni mbaya, mto wao wa kulalia umejaa manyoya ya bata na haushiki shingo. Niliwaambia wanipe kile kipeperushi, kwa sababu nilitaka kuona ni upuuzi gani uliokuweka hapa siku zote zile. Lango lako nimeliona. Ni matofali yaliyolewa. Shetani wa kanisani ni mdogo kuliko paka, na pembe zake zimeng'aa kwa mikono ya watu wasio na kazi. Vile vijumba vya wazee hospitalini ni kama vyumba vya chini ya nyumba wanavyopangisha Brampton, tofauti ni kwamba huku wametoza kiingilio cha heshima. Nimepanda mnara wenye lifti, lifti yao inafanya kazi, ni hilo tu la kuwasifia.

Kengele pia nimeziona. Nilidhani nitacheka. Zimelala palepale zilipoangukia, moja imepasuka vipande, na watu wanapita kimya. Nilikaa pale kwa muda mrefu. Iliniuma, Olavo, sitakuficha.

Nilifuata namba zote kwa utaratibu. Siku iliyofuata nikazifuata tena kuanzia mwisho. Leo asubuhi nilijikuta kwenye maghala ya chumvi nasoma kibao ambacho nilikwisha kukisoma, kwa Kijerumani nisichokijua, na ramani haikuwa na kitu kingine cha kunionyesha. Nikaenda.

Lile tundu la kichochoro ni fupi kuliko ulivyosema. Ilibidi niiname mpaka goti likalia. Niliinama kwa ajili ya boriti la mlango, na ukimwambia mtu vingine nitakukana. Nikatokea uani, na kuna mzee ameketi kwenye kiti cha bustani anamenya viazi, miguu peku, ana pua ya Baba. Nikatafuta Elton yuko wapi. Olavo, ni yeye. Amezeeka hivyo na hakuna aliyeniambia, au mliniambia sikusikia.

Hakusimama. Nadhani hakuweza. Birgit akaleta kiti, akaleta chai. Nikakaa, nikainywa yote, ina sukari nyingi. Ndipo nikasema kama inavyosemwa kwetu, kana kwamba harusi haijapita: "Elton, nimekuja kukualika. Leanne anaolewa Jumamosi, tarehe kumi na tano Juni. Misa ni saa nane mchana. Siku moja kabla tunampaka tui, na wa kwanza ni wewe."

Mawaridi yenyewe yamekwisha kunyauka, Septemba inaondoka. Akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Lazima nivae tai?" akauliza.

Nikamwambia ni lazima, asituaibishe mbele ya watu.

"Nitakuja, Dada," akasema, na akaanza kutafuta viatu.

Dada yako,
Vera