Msimfiche Mbuzi

Huruma, Eldoret, Jumapili. Leo ni miezi saba tangu nitoke nyumbani.

Mjukuu wangu Akinyi,

Nawasalimu wewe na nyanya yako. Mgongo unaniuma, lakini kazi ya mjengo ipo.

Unauliza kama mumfiche mbuzi wetu siku kamati ya kanisa ikija kuangalia nani asaidiwe karo. Nimekasirika, lakini sijakukasirikia wewe.

Nikiwa darasa la saba, mahindi yetu yalichomwa wakati wa fujo. Kanisa likafanya harambee ya kuchanga karo ili watoto kama mimi wabaki katika shule yake. Mama aliona aibu kwenda mikono mitupu, akatoa kuku wake wa mwisho auzwe kwa mnada. Mwenyekiti wa harambee akamwinua yule kuku, akacheka: “Mama, mwenye kuku wa kutoa ana shida gani?” Akakata jina langu kwenye orodha ya watakaosaidiwa. Sikurudi darasani tena.

Waliotoa noti siku ile walibaki na nyingine mfukoni. Mama alibaki na nini? Mpaka leo hakuna aliyeniambia.

Msimfiche mbuzi. Maskini si lazima awe mwongo ndio asaidiwe. Nitafika Ijumaa, kamati ikija Jumamosi itanikuta nimeketi mlangoni, mbuzi amefungwa kando yangu.

Babu yako