Kitana cha Mama

Baba Dogo,
Nairobi.
8 Machi, 2025

Mpendwa dada Asenath,

Salamu tele kutoka kwetu. Hujambo, na huyo wa tumboni je? Miguu bado inafura, au joto la Lodwar limekuhurumia? Sisi wazima, tena wazima kwelikweli. Ningepiga simu ningelia tu, ndiyo maana naandika.

Nekesa wetu ametimiza miezi mitano. Jina la Mama limempata mwenyewe! Akinyonya ananishika kama mwenye nyumba.

Sasa keti. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Nikasema ni maziwa tu. Nikatoa kitana cha Mama ulichonitumia, nikakipasha moto, nikawa nachana titi kila asubuhi ili maziwa yafunguke, kama tulivyofunzwa nyumbani. Wiki tatu, uvimbe uko palepale. Asubuhi moja nikamkumbuka Mama alipomzaa kitinda mimba. Naye alisema ni maziwa. Naye alichana, mwaka mzima, hadi saratani ikamchukua. Dada, nilikiweka kitana chini, nikambeba mtoto hadi kliniki.

Nesi Teresiah wa kliniki hakunicheka. Alinieleza kwamba kunyonyesha ni kinga ya saratani ya titi, na baada ya miaka mingi kuzaa nako hupunguza hatari. Lakini miaka ya kwanza baada ya kujifungua hatari hupanda kidogo, hasa kwa sisi tunaopata mtoto wa kwanza tukikaribia arobaini, tena ambao mama yetu aliugua. Mtu asiogope mimba, alisema, ila uvimbe usiitwe maziwa kabla haujapimwa.

Nikapigwa picha, nikadungwa sindano ya kuchukua kipimo, nikangoja majibu siku tisa. Opicho alijifanya jasiri, kumbe mume wangu anajifungia bafuni kuomba! Jumanne majibu yakatoka: maziwa yaliyoganda. Maziwa, dada! Opicho alipiga haleluya hadi askari wa lango akaja mbio. Nimeambiwa niendelee kunyonyesha, na nitarudi kuangaliwa.

Basi nawe ukihisi kitu, usijidanganye kama mimi. Najua utasema foleni ni ndefu. Ipange hivyo hivyo! Sina dada mwingine.

Msalimie shemeji Phares, mwambie asikuache ubebe maji. Mungu akufungue salama, na kilio cha kwanza tukisikie hadi huku.

Kitana nimekirudisha kwenye kifurushi hiki. Kitumie kuchania nywele za mtoto, basi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Lorine