Vitu vya Wazee Nilivyovisugua

Nyumba ya pembeni,
Nyuma ya karakana.
Jumanne, tarehe 9, mwezi wa tano.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu za kaka yako. Hujambo mama? Umeamkaje huko uliko? Shemeji anaendeleaje na kile kifua chake, na mapacha wako wameacha kugombania shuka? Sisi huku tunapumua. Mimi mwenyewe niko imara kama mwimo wa mlango, na meno yangu ninayo yote isipokuwa yale yasiyokuwa na kazi. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usinicheke. Mkono huu umezoea randa, kalamu kwake ni kijiti tu.

Barua hii anakuletea wifi yako mwenyewe. Hajui ndani kuna nini. Bahasha nimeibana kwa gundi ya mbao, kwa hiyo ipasue kwa kisu, usijisumbue kuifungua kistaarabu. Nimemwambia unaumwa goti na unataka mtu wa kukushika mkono kwa kazi za nyumbani. Kwa hiyo kabla hujasoma zaidi, anza kuchechemea.

Sasa nikueleze kwa nini nimesema uongo mzima mzima, mimi ambaye hunijui kwa uongo.

Unakumbuka kaka mkubwa alipofariki, tulikubaliana vitu vya wazee vije kwangu. Wewe mwenyewe ulisema, mpeni fundi, atavitunza. Hapo ulisema kweli. Vikaja. Kiti cha mikono cha baba nikakiweka sebuleni kikitazama dirisha. Kabati la vyombo la shangazi likasimama ukutani, meza ndefu na viti vyake vikakaa katikati, na kitanda cha mama kikaenda chumba cha wageni. Katika mji huu wote, hata kwa hao wenye nyumba za ghorofa, hakuna sebule kama yangu. Sijisifu, nasema kilichopo.

Lakini vilikuja vimechoka. Mkono wa kushoto wa kiti cha baba ulikuwa na shimo kama bakuli, pale alipokuwa akiweka kiwiko, maana baba alikuwa shoto. Ubao wa kichwani wa kitanda cha mama ulikuwa na doa jeusi la mafuta ya nywele. Mlango wa kabati ulikuwa umelika ukingoni kabisa, kwa kuwa shangazi vidole vilimuuma na alikuwa akiusukuma kwa kiganja. Mtu mwingine angeviacha hivyo hivyo. Mimi ni fundi. Siwezi kulala nyumba moja na ubao wenye shimo.

Nikavitoa uani, nikasugua. Msasa mkali, halafu wa kati, halafu ule laini kama unga. Shimo la baba nikalijaza, doa la mama nikalikwangua hadi nikafika kwenye mti mweupe, halafu vanishi juu. Wifi yako akasimama mlangoni ameshika kiuno, akaniambia, "Naona leo unawanyoa marehemu." Nikamjibu, "Kanywe maji, mama. Kazi ya mti huijui." Akacheka, akaenda zake. Vilipokauka vikang'aa, ungedhani vimetoka dukani.

Rafiki yangu fundi cherehani alikuja kuviona. Nikamkaribisha kwenye kiti cha baba, kwa heshima. Akakaa, akainuka papo hapo, akaanza kupangusa suruali. "Samahani, fundi," akasema, "nimemkalia mtu." Nikamwambia macho yamemwisha kwa kutunga uzi, sasa yamehamia makalioni. Tukacheka sana. Ila chai yake alikunywa amesimama, na tangu siku hiyo akija huishia barazani.

Haukupita muda nikaingia sebuleni mchana, jua limejaa dirishani, nikaona shimo la kiwiko limerudi. Mkono ule ule wa kushoto. Dada, ninajua ubao uliotobolewa na ninajua ubao ulioliwa na wadudu. Huu haukuwa hivyo. Ulikuwa umelika polepole, vanishi imeisha katikati na kubaki pembeni, kama unavyolika kwa mtu aliyekaa humo miaka na miaka. Nikaweka kidole. Palikuwa na joto.

Nikaenda chumba cha wageni. Doa la mama lilikuwa mahali pake, na chumba kizima kinanuka mafuta yake. Kabati nalo ukingo umekuwa mweupe pale pale pa kiganja.

Mwingine angekimbia. Mimi nilikasirika. Kazi yangu haijawahi kurudishwa na mteja, ije irudishwe na watu waliozikwa? Nikatoa msasa, nikasugua tena vitu vyote. Madoa na mashimo yakarudi, mara hii yamezama zaidi. Nikasugua tena. Nilikuwa nikisugua naongea peke yangu, baba, utachoka wewe. Wifi yako akasema niwaachie wazee mahali pao pa kushika, wanapatafuta. Sikumsikiliza. Unanijua.

Sasa hapa ndipo penye shida yangu, nisome vizuri.

Kile kiti kimoja cha mezani kilichovunjika zamani nilikichonga upya mwenyewe, kifanane na wenzake. Mti mpya, nimeununua ukipasuliwa mbele ya macho yangu. Hakuna marehemu aliyewahi kukigusa. Na wifi yako hajawahi kukikalia, maana mgongo wake unataka kochi. Siku moja napitisha kitambaa juu ya egemeo lake, nikahisi mabonde. Nikainama. Vidole vitatu vilikuwa vimekumbata ubao, na cha nne, cha shahada, kimelala juu yake kimenyooka kama rula.

Unakijua kidole hicho cha wifi yako. Kilibanwa na mlango kabla hajaolewa, hakikunjiki mpaka leo. Tulikuwa tukimtania kwamba hata akiosha vyombo anatuonyesha njia. Hakuna mkono mwingine wa namna hiyo.

Lakini wale wengine wote walioacha alama humu ndani tumewazika. Yeye alikuwa jikoni, namsikia anakwaruza sufuria.

Nikafanya ninachokijua, nikachukua msasa nikaanza kusugua lile bonde la kidole. Sikufika mbali. Alitoka jikoni ameshika mkono kifuani, anauliza nani amewasha moto, kidole chake kinaungua. Nikatazama, ngozi imechubuka, nyekundu, kama iliyosuguliwa. Msasa ukaniponyoka. Kwa hiyo usiniambie nikichome kile kiti, wala nikitupe mahali watu wakikanyage. Nimeshafikiria yote hayo.

Tangu hapo mabonde yanazama na yeye anapungua. Haumwi popote. Mganga wa zahanati amempima kila kitu, akasema mama huyu ni mzima, ale tu. Anakula. Lakini gauni linamning'inia, na akipita mlangoni sisikii tena hatua zake. Juzi nilimwita mara mbili, na kumbe alikuwa amekaa mbele yangu. Kadiri kiti kinavyolika, ndivyo naye anavyolika. Mimi nilimwoa mwanamke mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, dada. Sikuoa kivuli.

Nikakaa nikafikiri, na mimi nikifikiri kitu huwa nakipata. Ubao unashika alama ya anayeutumia zaidi. Hilo kila seremala analijua. Shoka ulilolirithi, ukilifanyia kazi kwa nguvu, mpini unakuja kwenye kiganja chako, unamsahau wa kwanza. Basi kiti hiki nitakitumia mimi.

Nimeanza wiki iliyopita. Asubuhi nakalia, naegemea, naweka kiganja changu juu ya egemeo pale pale penye vidole vyake na nakandamiza. Chakula nakilia hapo. Hata barua hii naiandikia hapo, mkono mmoja kalamu, mwingine umekamata ubao. Wifi yako ananiuliza, "Wewe umekuwa kuku wa kuatamia?" Namwambia najaribu kama kiti kimetulia. Mara ya kwanza niliposhika nilisikia kama kuna mkono mwingine chini ya wangu, mwembamba, hautaki kutoka. Sikuuachia nafasi. Kama ni baba anayeushikilia, alishindwa na ubishi wangu akiwa hai, na fimbo mkononi. Atauweza sasa?

Na inafanya kazi. Bonde la kidole kile limeanza kupanuka, limekuwa pana kama gumba langu. Jana wifi yako alipiga kelele juu ya matope niliyoyaingiza ndani, nikamsikia mpaka karakana. Sijawahi kufurahia kutukanwa kama jana. Mimi naona mkanda umehitaji tundu jingine, nikalitoboa. Si neno. Mwili ninao wa kutosha, hata nikipunguzwa nusu bado nawazidi wanaume wengi wa mtaa huu.

Lakini akiwa hapa naye anakishika kile kiti akipita, bila kujua, kama mtu anayejishikiza. Nimemwona. Ndiyo maana nimemtuma kwako. Akae mbali nacho mpaka alama ile iwe yangu yote. Usimwambie. Akijua atarudi aje anikokote, halafu tutakishika wote wawili, na hapo sitakuwa na la kufanya. Mlishe. Mpe kazi ya kumkasirisha, sauti yake isilale. Utamsikia siku akiwa mzima kabisa, wala hutahitaji kumuuliza. Hata hiyo siku usimruhusu kurudi kabla hujapata neno kutoka kwangu. Neno lisipokuja, basi akae kwako tu, na vitu hivi vya wazee asije akavifuata mtu yeyote.

Nisalimie shemeji, mwambie kifua ni cha kupanua, aache kukaa kitandani. Nisalimie mapacha na binti yako mwuguzi, na yule mjomba mzee wa karibu na kwako kama bado anakataa fimbo ya kutembelea. Mungu awape afya, aijaze nyumba yenu watu, na kila mmoja wenu awe na uzito wake.

Wifi yako ataanza kuniulizia, namjua. Atafunga mizigo na kusimama mlangoni akidai anarudi kwa mume wake. Mbishie. Tumezaliwa tumbo moja, kubisha hukufundishwa.

Mimi huku kitini sisimami.

Ni mimi kaka yako nikupendaye siku zote,
Fundi.