Mtoto Niliyekimbia Naye

Jumapili, saa kumi jioni. Mvua iliyoanza baada ya chakula cha mchana imebaki manyunyu. Rahma amelala chali, mikono juu. Nina kama saa moja kabla hajaamka kudai haki yake.

Mimi mwenyewe sijatulia tangu Jumanne. Mpaka leo mchana nilijidanganya kwamba ni woga wa tetemeko. Siyo.

Nimesifiwa kwa kitu ambacho sikufanya.

Wenyeji wa Kagera hatuhitaji kufundishwa tetemeko ni nini. Lile kubwa la 2016 lilinikuta sebuleni kwa baba, hapa hapa Hamugembe, na nilipojitambua niko uani nilikuwa nimeshika rimoti. Televisheni yenyewe ilibaki ndani na ukuta ukaiangukia. Kaka yangu hajaacha kunitania mpaka leo. Siku zile tulilala kibanjani, chini ya migomba, turubai moja na familia ya jirani ambaye baba hakuwa akisalimiana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba. Asubuhi ya pili nikamkuta baba anammiminia huyo jirani uji. Kwa hiyo watu wa hapa niliwajua tangu zamani. Ambaye sikumjua ni mimi.

Jumanne nilipewa ruhusa shuleni ninakofundisha nimpeleke Rahma kliniki. Ana miezi minne na nusu. Nimempata nikiwa na miaka thelathini na minane, na tangu azaliwe nimekuwa kero kwa kila mtu. Wageni nawanawisha mikono kwa sabuni kabla hawajamgusa. Masikio sijamtoboa, nasubiri akomae kidogo, na mama mkwe ananung'unika kila akija. Baba yake yuko Muleba kikazi, na nadhani kuna siku anashukuru umbali huo.

Pale kliniki watoto walivuliwa nguo wakalazwa kwenye godoro moja wakisubiri kupimwa uzito. Nilimlaza wangu ukingoni, mbali kidogo na pacha wawili wa kike wa mama mmoja aliyekuja mjini kutoka Kaagya. Kanga ya yule mama ilinuka moshi wa kuni. Nilimsogeza Rahma, na yule mama aliona nilivyomsogeza. Baadaye nilikuja kujua anaitwa Speciosa.

Halafu nikaenda kumsumbua nesi. Nilitaka ile kaptura ya kwenye mzani, wanamoning'inizwa watoto, aifute kwa spiriti kabla ya kumtia Rahma. Nesi alikuwa ananitazama kwa uvumilivu wa mtu aliyesomea kazi yake. Ndipo mabati yakaanza kulia.

Sakafu ilikwenda upande. Kabati la dawa likafunguka lenyewe na chupa zikamwagika. Mtu akamlilia mama yake kwa Kihaya, "Mawe! Tokeni!" na wote tukalirukia lile godoro kwa mara moja, akina mama kama kumi na wawili, viwiko na magoti. Nikanyakua mtoto. Nikakimbia.

Yule nesi alikuwa hatua mbili tu kutoka mlangoni. Angeweza kuwa wa kwanza kutoka. Badala yake alisimama kizingitini, akaukandamiza mlango kwa mgongo usijifunge, akawa anatuvuta nje mmoja mmoja kwa chochote alichokishika. Mimi alinivuta kwa ushungi, na ushungi ukabaki mkononi mwake. Ni mwanamke mwembamba, sijui nguvu ile aliitoa wapi. Nilikuwa nimemsumbua robo saa nzima kwa ajili ya spiriti.

Nje, kwenye nyasi, nilimkumbatia mtoto, nikambusu kichwani, nikamwita Rahma, Rahma wangu, kwa sauti ambayo nadhani ilifika barabarani. Halafu nikaona sikio. Lilikuwa limetobolewa na kutiwa kauzi keusi.

Hakuwa Rahma.

Nitaandika ukweli wote, la sivyo hakuna haja ya kuandika. Nilijua mwanangu yuko ndani. Nilijua mlango uko wapi. Na miguu yangu haikwenda. Nilisimama pale na mtoto wa watu mikononi, nikautazama ule mlango, na sehemu ya dari ikaanguka ndani kwa kishindo na vumbi likatoka. Sikupiga hata kelele.

Kwenye vumbi hilo akatoka Speciosa. Miguu peku, kanga imemvuka, mtoto mmoja kwapa la kulia na mwingine la kushoto. Nesi akatoka nyuma yake. Speciosa alikuja moja kwa moja mpaka nilipo, akanipa Rahma, akampokea wa kwake, akakaa chini na kuwanyonyesha wote wawili kwa pamoja. Hakusema kitu. Alikuwa anahema.

Mimi nilikuwa nimeanza kufungua mdomo nishukuru, nieleze, sijui. Lakini bibi mmoja aliyekuja na mjukuu alinitangulia. "Jamani, mwoneni mwalimu!" alisema kwa sauti. "Kambeba wa mwenzake, wake kamwacha!" Wanawake wakanizunguka. Mmoja akanifunika kichwa kwa kanga yake kwa kuwa sikuwa na ushungi. Mwingine akalia kwa ajili yangu. Wakasema mwalimu ana moyo ambao wao hawana.

Nikaufunga mdomo.

Nilijiambia si wakati wake. Na kwa kweli watu walikuwa na mengi. Ardhi ilipotulia kila mmoja akawa mtu wa mwenzake. Mtoto aliyelia alinyonyeshwa na aliyekuwa karibu. Bodaboda walikuja bila kuitwa, wakatubeba kwa zamu, akina mama wenye vichanga kwanza, na hakuna aliyeulizwa nauli. Nilipofika mtaani nikamkuta jirani yangu, mzee wa heshima zake, amesimama barabarani na povu la sabuni mwili mzima na kataulo kadogo, anawagongea watu milango kuhakikisha hakuna aliyebaki ndani. Hakuna aliyemcheka mpaka alipomaliza nyumba ya mwisho. Hapo tulicheka wote, na yeye pia, mpaka tukakaa chini. Nimegundua watu wakinusurika hucheka ovyo, na ni kicheko kitamu sana.

Siku mbili zilizofuata nilizidi kuwapenda watu hawa. Nyumba iliyopata ufa haikusubiri fundi, vijana wa mtaa walikuja na miti wakaitegemeza. Waliokwenda msikitini na waliokwenda kanisani walirudi na orodha moja ya wazee wanaoishi peke yao, wakagawana nani ampelekee nani chakula. Hata mama mkwe alipokuja hakutaja masikio. Alimshika Rahma bila kunawa, na mimi nikanyamaza.

Ila hadithi yangu ilikuwa inatembea. Ilifika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ikafika shuleni. Ijumaa mwalimu mkuu akaniambia Jumatatu nizungumze na wanafunzi mstarini kuhusu ujasiri. Nikasema sawa. Sawa! Nilisema sawa kwa mdomo wangu.

Kila ilipopita ilibadilika kidogo. Kufikia jana ilikuwa na sehemu mpya, nimeisoma kwenye simu yangu mwenyewe: kwamba yule mama wa pacha alimwacha mtoto wake mmoja akakimbia, na asingekuwa mwalimu mtoto angekufa. Mmoja akauliza ni mama wa namna gani huyo. Wengine wakaweka vile vikatuni vya kutikisa kichwa. Nilisoma, nikaizima simu, nikaendelea kufua nepi.

Hapo ndipo usingizi ulipokwisha kabisa.

Leo baada ya misa Speciosa amekuja. Nilisikia hodi, nikafungua, nikamwona amelowa, pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa ameuliza njia tangu kanisani. Nilimpokea mzigo, nikampa taulo, nikachemsha chai.

Alieleza safari yake kwa kifupi. Mama mkwe wake kule Kaagya amesikia habari. Amesikia kwamba mkwewe alimtelekeza Nyakato, mdogo wa pacha, akatoka na Nyangoma tu, na mwalimu Mwislamu wa mjini akamwokoa. Kwa hiyo amemwagiza aje kushukuru, na ameamua pia kwamba akirudi watakaa wazungumze. Speciosa alisema hayo akitazama kikombe. Kisha akafungua kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ndani kulikuwa na kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa pamoja na viungo na kukaushwa na maganda yake.

"Mama amesema tugawane, mimi na wewe," alisema. "Uwe ndugu yetu."

Asiye wa huku huenda hajui maana yake. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Zamani watu wawili wakigawana punje za tunda moja wanakuwa ndugu, omukago, na ndugu wa namna hiyo hadanganywi hata kwa jambo dogo. Siku hizi wengi wanatafuna kwa ladha tu. Ila Speciosa hakuja kwa ladha, na mimi bibi yangu mzaa mama alinilea vya kutosha nijue ninachopewa.

Nikamwambia asubiri.

"Mama Nyangoma, mimi sikumwokoa mwanao. Nilidhani ni wangu."

"Najua, mwalimu," alisema. "Nilikusikia ukimwita Rahma."

Alikuwa anajua. Tangu Jumanne, wakati wananizunguka, wakati ananyonyesha pale kwenye nyasi. Alijua na alipokuwa anausikiliza ukali wa mama mkwe wake. Amepanda gari, ametembea kwenye mvua na watoto wawili na mkungu wa ndizi, kuja kunishukuru kwa kosa langu.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unatetemeka, waitu, mwenzetu. Ningekuongezea nini?"

Nililia. Sikuweza kujizuia, nililia mpaka Nyakato naye akaanza, na mama yake ikabidi atubembeleze wote wawili. Aliponyamazisha mtoto ndipo akanieleza. Alipofika godoroni alikuta wamebaki wawili, mmoja wake na mmoja asiye wake. Akamkumbuka yule mtoto aliyekuwa amesogezwa pembeni. Akajua nani kachukua nani, akawabeba wote wawili.

"Na mimi nikwambie langu," alisema. "Ungetoka mikono mitupu, mwalimu, ningebeba wangu. Wa kwako ningemwacha. Nina mikono miwili tu, Mungu anisamehe."

Hakuna sifa niliyopewa wiki hii iliyonituliza kama maneno hayo. Angeweza kunyamaza nayo. Mimi nimenyamaza na madogo zaidi. Nilimwangalia mwanamke huyu niliyemwona ananuka moshi, nikaona ni mkubwa kuliko mimi kwa kila kitu isipokuwa miaka.

Akapasua ganda la tunda moja kwa meno, akanipa punje, na moja akatia kinywani mwake. Ilikuwa chungu na tamu kwa pamoja. Tukatafuna bila haraka.

Kisha nikamwomba namba ya mama mkwe wake. Alikataa. Akasema mzee ana maneno, niache tu, yatapita. Nikamwambia ndugu hadanganywi na pia hasingiziwi, anipe simu. Akanipa.

Nilimweleza yule mama kila kitu, kwa Kihaya, kuanzia pale nilipomsogeza Rahma kwenye godoro. Sikuruka hata miguu yangu iliyokataa.

"Na wa kwako," akauliza mwisho, "yeye alitolewa na nani?"

"Na mkweo. Alitoka nao wawili, dari linaanguka nyuma yake."

Halafu akasema nimpe simu Speciosa. Sauti ilikuwa juu kiasi kwamba nilisikia. Alimwambia maneno mawili matatu tu: wakola, mwana wange. Asante, mwanangu.

Speciosa hakulia kwenye tetemeko, hakulia alipokuwa anasemwa, hakulia nilipoungama. Alilia hapo, simu ikiwa bado sikioni, na pacha wakimtazama.

Ameondoka nusu saa iliyopita. Nilitaka kumtafutia bodaboda, akasema yuko dada yake Ijuganyondo, atalala kwake na kesho arudi nyumbani. Kwenye kundi la mtaa nimeshaandika. Niliandika na kufuta mara nne, mara ya tano nikabonyeza kabla sijajihurumia. Simu inalia tangu hapo na sijaigusa. Hapa nimeandika kirefu ili nisije nikaghairi.

Rahma anaanza kujigeuza. Kesho saa moja na nusu watoto zaidi ya mia nne watapanga mistari kumsikiliza mwalimu jasiri, na sijui watanitazamaje nikimaliza. Lakini sentensi ya kwanza ninayo tayari, na inaanza na jina la Speciosa.