Ebei Alilia Chakula

Ijumaa, Mei 2013. Kakuma.

Leo upepo umetulia. Mvua ya juzi imelainisha ardhi, na laga, mto wetu wa msimu, bado ina maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nimeketi mlangoni mwa chumba changu cha mabati, viatu nimevivua, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Acha niiweke hapa.

Jana nilikuwa Lodwar, kwenye mkutano wetu sisi tunaofanya kazi ya lishe. Afisa kutoka Nairobi alituonyesha ukutani michoro ya nchi nzima. Watoto wanaokondeana kwa njaa wamepungua tangu ule ukame wa mwaka juzi. Waliodumaa wanapungua pia, ingawa kwa mwendo wa kobe. Kisha ikaja ramani, na Turkana yetu bado nyekundu. Watu walipiga makofi hata hivyo. Nami nilipiga, kwa moyo wote.

Lakini nilikuwa namuwaza Ebei.

Ebei ni mtoto wa Nakalale, hajafikisha miaka miwili. Mama yake, Nakiru, alimleta wodini kwetu mwezi uliopita, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, macho hayamfuati mtu. Wengi hawajui kwamba mtoto aliyefika hapo halii njaa. Ananyamaza tu. Tulimpa maziwa ya tiba kwa kijiko, yakamtoka pembeni mwa mdomo.

Ebei hajaanza hata kupata nafuu, Nakiru akaja mezani kwangu, shuka amelifunga begani, tayari kwa safari.

"Sista, mimi nakwenda nyumbani," alisema. "Watoto ingine nimeacha na mama mkwe. Huyo ni mzee, macho haioni. Nani atachota maji?"

Nilijua akiondoka na Ebei, mtoto hatafika. Nilitaka kumwambia hivyo, tena kwa ukali. Nilipomtazama usoni nikaona anajua. Mume wake alikuwa na mifugo upande wa Lokiriama, hana simu. Huyu mwanamke alikuwa anachagua kati ya watoto wake.

Mimi sijawahi kuombwa kuchagua kitu kama hicho. Ukali ukaniisha.

Nilimwomba anisubiri hadi jioni. Nikampigia Lokwang, mhudumu wa afya wa kijiji kule Nakalale. Mtandao ukakatika. Nikapanda kilima cha nyuma ya hospitali, nikapiga tena, na akakubali kwenda kwa miguu nyumbani kwa kina Nakiru kuona hali.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Nakiru aliketi nje akitazama barabara, hataki kula. Ndani ya wodi, Nyandeng, mama wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha sukari na sabuni kwenye kambi ya wakimbizi, alikuwa akimuuguza binti yake kitanda cha jirani. Bila kuombwa, alimpakata Ebei akaendelea kumtilia maziwa mdomoni, tone kwa tone. "Malesh, mtoto, malesh," alimbembeleza, pole, pole. Nje ya ukuta wetu watu wa kambi na wenyeji hugombana kwa ajili ya kuni na maji. Mle ndani sikuona ugomvi wowote.

Jioni simu yangu ililia. Lokwang alikuwa amefika, na alimpa simu bibi yake Ebei azungumze mwenyewe. Nakiru aliishika simu kwa mikono miwili. Sauti ya yule bibi niliisikia hata mimi niliyesimama kando, Kiturkana cha haraka haraka.

"Anasema nini?" nilimuuliza alipomaliza.

"Anasema jirani anachota maji. Watoto wamekula." Akafunika mdomo kwa kiganja. "Anasema nikirudi kama mtoto hajapona, yeye atanirudisha hapa na fimbo."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Akafungua fundo la shuka, akaingia wodini, akamchukua mwanawe kwa Nyandeng.

Kisha asubuhi moja, nikiwa napima kwa utepe unene wa mkono wa mtoto mwingine, nikasikia kilio chenye hasira. Ebei alikuwa amekinyooshea mkono kikombe cha binti wa Nyandeng.

Alikuwa analilia chakula!

Nyandeng akapiga kigelegele. Nakiru akachanganyikiwa akitafuta kijiko kilichokuwa mkononi mwake. Mimi nilijificha nyuma ya mlango wa stoo nikafuta machozi.

Sitasema hapa kwamba wote hupona. Wiki iliyopita kitanda cha karibu na dirisha kiliachwa kitupu, na mama aliyekuwa akiuguza pale aliondoka bila mtoto. Na huyu Ebei, je, kiangazi kijacho atapata maziwa? Atarefuka kama wenzake, au atahesabiwa kwenye ule mchoro unaoshuka polepole? Sijui. Naogopa kidogo.

Ila leo nashukuru. Asante Mungu kwa Lokwang na miguu yake. Asante kwa Nyandeng, na kwa bibi asiyeona ambaye sijawahi kumsalimu.

Leo Ebei ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mchana lori la Nakalale lilipokuja, Nakiru alinipa mtoto nimshikie wakati anapanda na pakiti zake za chakula cha tiba cha njugu. Lori lilikawia kujaa, na Ebei akanivuta sikio, akanisukuma, akataka kushuka. Mzito! Nilimbadilisha mkono mara kadhaa kabla ya kumpandisha kwa mama yake.

Mkono wa kushoto unauma mpaka sasa. Kesho nataka kumbeba mwingine.