Bahasha ya Kidoti

4 Machi

Kwako kaka,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na moto wa kuchomelea haujakuunguza tena vidole. Mimi ni mzima, ila miguu inalalamika. Wodi ya watoto imejaa.

Huu mwaka wa pili simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mama anasema amezaa punda wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze kutembea. Basi mimi nimeanza.

Ule utafiti wa dripu aliokuwamo mwanao Kidoti umekwisha, na majibu yametoka. Mwezi wa tano wazazi wote wataitwa ukumbini waelezwe, hata waliofiwa. Sikutaka barua ya hospitali ikufikie kabla ya yangu. Ukitaka nikueleze, nitakueleza. Ukitaka ninyamaze, nitanyamaza.

Mdogo wako

23 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Karakana ina kazi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Wifi yako aliisoma mara moja, akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Nikwambie kinachonikaa rohoni. Siku ile mtoto amelegea, mikono ya baridi kama chuma, ukaja na karatasi. Ukasema, "Kaka, weka sahihi hapa, ni utafiti tu, atatibiwa vizuri." Angekuwa muuguzi mwingine ningeuliza. Kwa kuwa ni wewe, niliweka. Siku ya tatu tukamzika. Tangu hapo najiuliza kama nilimtoa mwanangu mwenyewe akajaribiwe kama kufuli jipya.

Nataka jibu moja tu. Ile bahasha iliyofunguliwa siku ile kumpangia dripu ilisemaje? Usinifiche.

Kaka yako

6 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Pole kwa kukawia kujibiwa. Siku ile mimi shangazi mtu nilitolewa nje bahasha ilipofunguliwa, kwa hiyo ilibidi nimwombe daktari wetu atazame kwenye faili.

Nusu ya watoto walipangiwa dripu ya kasi, nusu ya polepole. Hakuna aliyejua ipi ni bora. Ndicho tulichokuwa tukikitafuta. Kidoti alipata ya kasi. Ndiyo tuliyokuwa tukimpa kila mtoto wa hali ile, miaka nenda miaka rudi. Hata usingeweka sahihi, angepewa hiyo hiyo. Lakini majibu yanasema ya polepole iliokoa wengi zaidi. Bahasha yake ingekuwa nyingine, huenda angepona. Huenda. Neno kubwa kuliko hilo sina, wala dogo.

Utafiti haukumuua. Ila mimi nilikukosea. Karatasi ile ilitakiwa ielezwe taratibu, na mtu asiye ndugu. Mimi niliimaliza kwa dakika mbili, nimesimama, nikiutumia udugu wetu mahali pa maneno. Niliogopa, kaka. Watoto wa utafiti walikuwa wakipimwa kila saa, nami nilitaka apimwe kila saa. Hata hilo sikukwambia. Nisamehe.

Sasa wodini kwetu wote wanapewa ya polepole.

Mdogo wako

20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Habari za afya? Mkutano umepita. Nilikuwa nikitazama mlango mpaka shingo ikauma. Sikukuona. Sikulaumu.

Mdogo wako

17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama, mkono tu nimeukata kidogo, usianze kunitibu kwa barua.

Nilikuwapo. Nilikaa nyuma ya nguzo kama mwizi wa viti. Daktari aliposema, "Tulikuwa tukikosea miaka yote hii na hatukujua," nilitaka kuinuka nimtukane. Mama mmoja akaniwahi. Akauliza kwa upole, "Na haya mnayofanya leo, mna hakika nayo yote?" Daktari akavua miwani, akasema hapana. Mdogo wangu, lile "hapana" lilinituliza kuliko pole zote nilizopewa msibani. Niliondoka kabla hujanitambua, maana macho yalikuwa mabaya kwa kulia.

Juzi mpiga rangi wa karakana yetu alimlaza mwanawe huko kwenu. Akaletewa karatasi ya utafiti mwingine, wa mapafu. Akanipigia: "Fundi, wewe yalikukuta. Niweke sahihi?" Nikamwambia, "Mwambie aliyekuletea akae chini. Akueleze mpaka uweze kunieleza mimi."

Kwa muda mrefu sikusikia kitu. Kisha akapiga, akanieleza yote, hata ubaya wake, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote. Nikaelewa. Aliweka sahihi. Anasema muuguzi aliyemweleza aligeuza ndoo akaikalia, na kila alipomwuliza jambo alianza upya bila kununa. Nikamwomba anieleze sura ya muuguzi huyo. Alipofika kwenye masikio, nikacheka, maana masikio hayo ni ya baba yetu.

Je, ningeweka sahihi tena? Sijui, nisikudanganye. Safari hii ningeuliza kwanza.

Jumamosi njoo nyumbani. Wifi yako anataka umweleze na yeye, kutoka mwanzo. Njoo mapema, maswali yake ni mengi kuliko yangu.

Kaka yako